Laki Nne Mkononi: Mshahara wa Mfanyakazi Wako wa Kwanza

Kabla hujamwambia mtu aje kuanza kazi Jumatatu, kaa naye mmalize swali ambalo wengi hulipita haraka: hiyo laki nne mliyoitaja ni kabla ya makato au ni ya mkononi? Mwenye duka akisema "nitakulipa laki nne", kichwani mwake ana laki nne itakayotoka dukani, basi. Kijana anayemsikiliza ana laki nne itakayoingia kwenye simu yake. Hakuna anayemdanganya mwenzake, lakini mwisho wa mwezi mmoja wao lazima akasirike, kwa sababu kati ya laki nne hizo mbili kuna NSSF, kuna kodi ya mshahara na kuna mfuko wa fidia.

Tuzipigie hesabu zote mbili. Mkikubaliana 400,000 kabla ya makato, mfanyakazi anakatwa asilimia 10 ya NSSF, yaani 40,000. Inayobaki, 360,000, ndiyo inayotazamwa na kodi ya mshahara, ile tunayoiita PAYE. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu, na 90,000 iliyozidi inatozwa asilimia 8, yaani 7,200. Mkononi anapata 352,800. Wewe kwa upande wako unaongeza asilimia 10 nyingine ya NSSF, 40,000, na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), 2,000. Biashara yako imetoa 442,000.

Mkikubaliana 400,000 mkononi, inabidi uhesabu kutoka chini kwenda juu. Mshahara utakaoandikwa kwenye mkataba ni kama 457,000, na gharama yako yote inafika karibu 505,000 kwa mwezi. Tofauti ya makubaliano haya mawili ni kama 63,000 kila mwezi, zaidi ya laki saba na nusu kwa mwaka, na imetokana na neno moja ambalo halikusemwa siku ya kwanza.

Ushauri wangu ni kukubaliana kabla ya makato, kisha kumwonyesha mfanyakazi kwenye karatasi kiasi kitakachomfikia. Ukiahidi mkononi, umeibeba kodi yake yote, na viwango vikibadilika ni wewe utakayelipa tofauti. Kama huyo kijana anahitaji laki nne kamili ili aishi, na unaona anastahili, mpandishie mshahara mpaka mkononi ifike hapo. Lakini iandikwe hivyo, na ujue unalipa kiasi gani.

Hesabu hizi ni za Tanzania Bara. Zanzibar wana mfuko wao, ZSSF, na sheria yao ya ajira.

Kibarua, ndugu na "anayenisaidia"

Wengi wanaamini hawana mfanyakazi. Wana kibarua, au deiwaka, au mtoto wa shangazi aliyekuja kutafuta maisha na "ananisaidia tu dukani". Sheria haiangalii jina unalompa mtu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inaorodhesha mambo ambayo likiwepo hata moja, mtu huyo anachukuliwa kuwa mfanyakazi mpaka wewe uthibitishe vinginevyo: kwamba unamwelekeza namna ya kufanya kazi, kwamba wewe ndiye unayepanga saa zake, kwamba anatumia vifaa vyako, kwamba anategemea kipato chako, kwamba anakufanyia kazi wewe peke yako, au kwamba katika miezi 3 iliyopita amekufanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi. Saa 45 kwa mwezi si nyingi. Kijana anayefungua duka kila asubuhi anazimaliza katika wiki ya kwanza.

Kwa ndugu jambo hili ni gumu zaidi, na ni hapo ninapoona watu wengi wakiumizana. Umemtoa kijijini, anakula kwako, analala kwako, unamnunulia nguo, mara moja moja unampa elfu ishirini. Wewe unahesabu kwamba unamlea. Yeye, baada ya mwaka wa kusimama kaunta kuanzia asubuhi mpaka usiku, anahesabu kwamba anakudai. Mpangie mshahara. Kama chakula na malazi ni sehemu ya makubaliano, yaandikwe. Undugu haupotei kwa sababu ya slipu ya mshahara. Mara nyingi unaokolewa nayo.

Angalia pia kima cha chini. Bara kinapangwa kisekta na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Duka lina kiwango chake, hoteli ina chake, ulinzi, kilimo na kazi za nyumbani vivyo hivyo. Amri mpya ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2026, kwa hiyo kiwango ulichokizoea kutoka amri ya 2022 usikitegemee.

Pa kujiandikisha

Kwa mtu mmoja tu uliyemwajiri unahitaji milango mitatu: TRA, NSSF na WCF.

TRA tayari wanakufahamu kama una TIN ya biashara. Kinachoongezeka ni jukumu la kukata kodi ya mshahara na kuipeleka. Hapa kuna dhana iliyoenea sana kwamba mwenye kulipa kodi ya makadirio amemaliza kila kitu. Makadirio ni kodi ya mapato yako wewe. PAYE ni kodi ya mfanyakazi wako, inayopitia mkononi mwako tu. Moja haifuti nyingine.

NSSF utajisajili kama mwajiri, kisha umsajili mfanyakazi kwa namba yake ya NIDA. Muulize kwanza kama alishawahi kuwa mwanachama. Wengi walipitia kiwandani, hotelini au kwenye kampuni ya ulinzi na wana namba tayari. Ukimfungulia nyingine, michango yake inakaa vipande vipande, na siku ya kudai mafao ataanza kuzunguka madirishani kuiunganisha. Usisubiri amalize miezi ya majaribio. Mfanyakazi wa majaribio ni mfanyakazi, na mchango wake unaanza na mshahara wa kwanza.

WCF ndio unaosahaulika kuliko yote, pengine kwa sababu kiasi chake ni kidogo. Unatakiwa kujisajili ndani ya siku 30 tangu uwe mwajiri. Mchango ni asilimia 0.5 ya mishahara yote unayolipa, na wote unautoa wewe. Kumkata mfanyakazi hata shilingi ya WCF ni kosa. Kijana akiangukiwa na bati, au akigongwa na bodaboda akipeleka mzigo wa mteja, mfuko huu ndio unaobeba matibabu na fidia. Bila huo, mzigo unakurudia wewe. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, gereji, karakana ya kuchomelea au jiko la mgahawa akiniambia elfu mbili kwa mwezi inamuuma, namwomba akatazame bili ya mfupa uliovunjika.

Kuna tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, utakayosikia watu wakiilalamikia. Hiyo inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Wewe bado.

Mkataba, na mahali ulipomtoa mtu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi apewe maelezo ya ajira yake kwa maandishi: jina, umri, jinsia na anwani yake, kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, mshahara na namna unavyokokotolewa, pamoja na marupurupu mengine. Kurasa mbili zinatosha. Ziandike kwa Kiswahili ambacho wote wawili mnakielewa. Mkataba wa Kiingereza ulionakiliwa kutoka kampuni kubwa haumsaidii muuza duka wala mwajiri wake.

Usifikiri kukosa karatasi kunakulinda. Mkifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) na huna maandishi, mzigo wa kuthibitisha unaangukia kwako. Yeye atasema mlikubaliana laki tano, na wewe ndiye utakayetakiwa kuonyesha kwamba haikuwa hivyo.

Kipengele kimoja nakusihi usikiruke: mahali alipoajiriwa. Ukimtoa mtu Njombe ukamleta Dar es Salaam kufanya kazi, halafu ajira ikaisha, sheria inakutaka umsafirishe yeye na mizigo yake mpaka alikotoka, au umlipe gharama hiyo. Ukichelewa, unalipa pia posho ya kujikimu kwa siku zote anazosubiri usafiri. Nauli ya basi ni kitu kidogo. Posho ya siku zinazoongezeka huku mkibishana ndiyo inayomeza mtaji. Andika ukweli: kama ulimkuta Dar tayari, andika Dar; kama ulimwita kutoka mkoani, andika mkoa na wilaya, na nauli hiyo uihesabu kuwa gharama ya ajira tangu siku ya kwanza.

Hesabu ya mwezi

Utaratibu haubadiliki. Anza na mshahara wote kabla ya makato, ukiweka na posho za fedha taslimu. Toa asilimia 10 ya NSSF. Kinachobaki kipitishe kwenye ngazi za PAYE, ambazo kwa mwezi zilipangwa hivi tangu Julai 2021: mpaka 270,000 hakuna kodi, inayozidi hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, kuanzia hapo mpaka 760,000 ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kilichozidi 520,000, mpaka 1,000,000 ni 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kilichozidi 760,000, na juu ya milioni moja ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya ziada. Bajeti husomwa Juni na mabadiliko huanza Julai, kwa hiyo mwezi huo hakikisha viwango kabla ya kulipa.

Kutokana na hesabu hiyo, mwenye mshahara wa 300,000 halipi PAYE: akitoa NSSF anabaki na 270,000 kamili. Hilo halikuondolei wajibu wa kumwonyesha kwenye ritani yako.

Posho inawachanganya wengi. Ukimpa mtu elfu sitini kwa mwezi "ya chakula", hiyo ni pesa na inaingia kwenye hesabu ya kodi. Ukipika chakula hapo hapo kazini na kila anayefanya kazi anakula bila ubaguzi, thamani ya chakula hicho haitozwi kodi. Mama ntilie anayemlisha msaidizi wake amefuata sheria bila kujua.

Na kama unayemwajiri ana kazi nyingine anayoihesabu kuwa ya kwanza, tuseme mwalimu anayekuja jioni kukuwekea vitabu sawa, hizo ngazi hazimhusu kwako. Kazi ya pili inakatwa asilimia 30 moja kwa moja.

Akianza kazi katikati ya mwezi, usikisie. Sheria inakupa kigawanyo: wiki 4.333 kwa mwezi. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, mwezi ni siku 26, na 400,000 inakuwa 15,385 kwa siku. Kama amefanya siku 15, mshahara wake ni 230,769, kisha unaendelea na makato kama kawaida. Kwa saa, wiki ya saa 45 inakupa saa 195 kwa mwezi, hivyo saa yake moja ni 2,051. Iandike namba hii nyuma ya daftari, utaihitaji.

Siku ya kulipa

Lipa tarehe ileile kila mwezi, saa za kazi, na pamoja na pesa mpe maandishi. Sheria inadai maandishi hayo, na mimi ningeyadai hata kama isingedai. Ujumbe wa M-Pesa au wa benki unathibitisha kwamba kiasi fulani kimetoka kwako kwenda kwake. Hausemi ni cha mwezi gani, wala kilikatwa nini. Miezi minane baadaye wote wawili mtakuwa mmesahau.

Slipu ya mshahara inaweza kuandikwa kwenye kitabu chenye kabonika, nakala yake na nakala yako. Kwa mfanyakazi wetu wa laki nne, aliyechukua elfu hamsini mbele katikati ya mwezi, itakuwa hivi:

Mshahara kabla ya makato: 400,000
NSSF asilimia 10: 40,000
PAYE: 7,200
Alichochukua mbele tarehe 14: 50,000
Mkononi: 302,800
Michango ya mwajiri, haikatwi: NSSF 40,000, WCF 2,000

Tarehe, sahihi yake, sahihi yako. Ule mstari wa mwisho wengi hawauandiki, nami nautetea. Mfanyakazi akiona kwamba kila mwezi unamwekea elfu arobaini ambayo haikutoka mfukoni mwake, anaelewa kwa nini elfu arobaini yake imekatwa. Mwelekeze pia namna ya kuangalia salio lake la NSSF kwa simu. Mfanyakazi anayeona michango inaingia hana sababu ya kukudhania.

Ukilipa kwa simu, maliza mapema suala la ya kutolea. Akipokea 352,800 na kukatwa ada ya wakala, hajapata 352,800. Ama uongeze ya kutolea, ama mkubaliane akaunti ya benki, lakini isiwe ugomvi wa kila tarehe 30.

Shoti na pesa ya mbele

Ukitaka kujua ajira ndogo zinavunjikia wapi, tazama shoti. Droo imefungwa usiku, mauzo hayalingani na pesa, zimepungua elfu sabini. Mwenye duka anasema tu, "nitakukata mwisho wa mwezi." Mwezi ukiisha amekata, na pengine amekata zaidi, kwa sababu kulikuwa na glasi iliyovunjika na mteja aliyeondoka bila kulipa. Kijana anabeba kilichobaki, na wiki inayofuata haji.

Sheria imefunga njia hiyo. Kumkata mfanyakazi kwa hasara unahitaji mambo haya yote kwa pamoja: hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake, umpe maandishi yanayoeleza sababu, kiasi na namna ulivyokipata, apewe nafasi ya kutosha ya kupinga, kiasi unachodai kisizidi hasara halisi, na akubali kwa maandishi. Hata baada ya hayo yote, makato ya aina hii hayawezi kuzidi robo ya mshahara wake. Kwa laki nne, mwisho ni laki moja kwa mwezi.

Weka uzito kwenye maneno "kwa kosa lake". Kama droo moja inaguswa na wewe, mkeo na kijana, huwezi kumwambia yeye peke yake alipe. Kama unachukua pesa ya mafuta asubuhi bila kuandika, shoti ya jioni ni yako. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya kwako: droo ihesabiwe asubuhi mkiwa wawili, kiasi cha kuanzia kiandikwe, kila kinachotoka kiandikwe na aliyekitoa, na usiku ihesabiwe tena mkiwa wawili. Kwa wakala wa pesa kwa simu, andika floti na taslimu kila mnapopokezana. Duka likishika utaratibu huu, shoti zinapungua zenyewe, na zinazobaki zinajulikana zimetokea wapi.

Pesa ya mbele ni jambo tofauti. Mtu ana msiba, mtoto ana homa, kodi ya chumba imefika. Atakuomba, na mara nyingi ni haki umpe. Lakini mpe kwa daftari: tarehe, kiasi, itakatwa lini na kwa awamu ngapi, sahihi. Vitu anavyochukua dukani kwa mkopo, unga, sukari, vocha, viingie kwenye ukurasa huohuo. Nisingemruhusu mtu afikishe deni linalozidi robo ya mshahara kwa mwezi mmoja, hata kama mwenyewe ameomba. Anayefika mwisho wa mwezi akakuta elfu thelathini ameshalazimika kukopa tena, na mwezi unaofuata anaanza akiwa nyuma. Mtu wa namna hiyo akiwa karibu na droo, umemweka kwenye jaribu ambalo hakulitafuta.

Saa za ziada, Jumapili na likizo

Saa za kawaida haziruhusiwi kuzidi 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Ukijumlisha na za ziada, siku moja isizidi saa 12 za kazi, na saa za ziada zisizidi 50 katika wiki 4. Maana yake ni kwamba mtu mmoja hawezi kukufungulia duka alfajiri na kukufungia saa tatu usiku, kila siku, peke yake. Wenye maduka wengi Dar na Mwanza wanafanya hivyo. Njia halali ni kugawana: wewe ushike asubuhi, yeye aingie saa nne, au kinyume chake.

Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida: kwa mfano wetu, 3,077. Siku yake ya mapumziko ya wiki, au sikukuu ya taifa, ni mara mbili. Kazi ya usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, inaongezewa asilimia 5. Andika saa za kuingia na kutoka kila siku, akiona.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, sikukuu zikiwa ndani yake, na malipo yake hutolewa kabla hajaondoka. Likizo yenye malipo haianzi kabla ya miezi 6 ya kazi. Ugonjwa una siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu, kwa cheti cha daktari. Uzazi ni siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba ana siku 3. Biashara ya mfanyakazi mmoja inalisikia pigo hili kuliko kampuni ya watu mia, maana anayeshika nafasi yake naye analipwa. Tenga elfu thelathini na kitu kila mwezi na mwezi wa likizo utapita bila kukopa.

Pesa ambayo si yako

Rudi kwenye mfano wa laki nne. Siku unayomtumia 352,800, inabaki 89,200 ya kwenda NSSF, TRA na WCF. Itakaa kwenye akaunti yako siku kadhaa, na hapo ndipo wafanyabiashara waaminifu kabisa wanapojikwaa. Mzigo unafika Kariakoo kwa bei nzuri, 89,200 ipo, unaazima "mpaka wiki ijayo". Ukifanya hivyo miezi mitatu unadaiwa zaidi ya robo milioni, pamoja na adhabu na riba, na sehemu ya pesa hiyo ilikatwa kwenye jasho la mtu mwingine kwa ahadi kwamba imewekwa.

Iondoe siku hiyohiyo. Fungua akaunti ya pili, hata ya simu, ambayo haina kazi nyingine. Bora zaidi, chukua namba ya kumbukumbu ya malipo siku ya mshahara na ulipe vyote papo hapo. Mwisho wa PAYE ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata. NSSF na WCF ni ndani ya mwezi unaofuata. Kwa mshahara wa Januari: PAYE kabla ya tarehe 7 Februari kupita, hiyo miwili kabla ya Februari kuisha. Lakini hakuna sababu ya kusubiri. Mtandao husumbua siku za mwisho, wakati wote wamekimbilia.

Kama tayari umeshamkalisha mtu mwaka mzima bila kufanya lolote kati ya haya, anza na mwezi huu, leo. Jisajili, mwandikie mkataba wenye tarehe halisi aliyoanza, kisha kaa chini uorodheshe miezi iliyopita na kiasi ulichomlipa. Nenda nayo NSSF na TRA mwenyewe, kabla mkaguzi hajaingia dukani. Usimkate mfanyakazi kwa mkupuo michango ya nyuma ambayo wewe ndiye hukuipeleka.

Siku ya kuachana

Itafika. Anapata kazi kubwa zaidi, au biashara inapungua. Kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28, isipokuwa katika mwezi wa kwanza wa ajira ambapo ni siku 7. Mlipe siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuichukua, na sehemu ya likizo ya mwaka ambao haujakamilika kwa kiwango cha mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Ukimwachisha wewe baada ya miezi 12 mfululizo, na si kwa utovu wa nidhamu, anastahili kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mpaka miaka 10. Nauli ya kurudi alikotoka tumeshaitaja. Deni lake la daftarini lionyeshwe kwenye karatasi ileile, asaini, abaki na nakala.

Mpe cheti cha utumishi, hata kama mmeachana vibaya; ni haki yake kisheria na mwajiri anayefuata atakiomba. Wajulishe NSSF kwamba hayupo tena kwenye orodha yako, la sivyo mfumo utaendelea kukudai michango yake. Mkataba wake, slipu zake na daftari lake vifunge kwenye bahasha moja, andika tarehe aliyoondoka, na uitunze miaka 5.